Daftari la Kelele za Babu

Tarehe 6 Februari

Kwa mke wangu mdogo, mtaalamu wa kusikiliza mawe,

Mimi mzima, isipokuwa sehemu zile unazozijua. Nyonga ya kushoto imegoma kabisa, ya kulia inafikiria kuiunga mkono. Masikio bado yako kichwani, kwa kazi ya kushikia miwani.

Naandika kukujulisha kwamba mpangaji uliyeniletea anaendelea vizuri. Tangu wewe na wale mafundi wawili mlipotoboa sakafu ya jiko langu, mkamzika humo na kumfunika saruji, hajanisumbua. Hali, halali, haombi chumvi. Kile kisanduku chake cha ukutani kinakonyeza taa ya kijani kutwa nzima kama mwanamume asiye na adabu. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Cherehani, ameniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni sikio. Alicheka mpaka akashika mlango. Nikamsoma midomo: "Kampuni nzima imekosa mahali pa kuweka sikio, imeleta kwa kiziwi!"

Hilo nimelipenda, nimeliiba, sasa nalisema kama langu.

Lakini nieleze upya, maana siku ile uliongea umeinamia waya, na midomo nisiyoiona mimi siisikii. Hilo sikio linasikiliza nini? Nimelipua miamba miaka thelathini na moja, baruti imenila masikio yote mawili, lakini najua jiwe linavyolia likitaka kupasuka. Mtu hulisikia kwa nyayo. Je, mashine nayo ina nyayo?

Baba yako mdogo anakusalimu. Bado yuko mgodini, Njia ya Nne, zamu ya asubuhi, chini kabisa ya mstari wetu huu wa nyumba. Mimi nikinywa chai, yeye yuko mita mia na arobaini chini ya kikombe changu. Anasema wameanza kukata nguzo, zile nguzo za mwamba tulizoziacha sisi wazee ili zishike dari. Sikupenda. Uniambie kama sikio lako nalo halipendi.

Daftari ulilonipa nalijaza kama ulivyoagiza: kila kelele ya nyumbani na saa yake. Mwandiko ni wa darasa la nne, usicheke.

Ni mimi, mumeo asiyesikia,
Baruti


Tarehe 14 Februari

Kwa mume wangu mkorofi,

Barua yako nimeisomea kazini, kosa kubwa. Nimecheka mpaka mkuu wa kitengo, yule unayemwita Bwana Tai, akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini.

Sasa sikiliza, yaani soma. Sikio lako tunaliita jiofoni. Ndani kuna sumaku na waya wa shaba uliokaa juu ya springi. Ardhi ikitikisika, hata kidogo kuliko panya akikimbia darini, ule waya unacheza na umeme kidogo unatoka. Jiwe halikatiki ghafla, Babu, wewe unajua kuliko mimi. Linaanza kupasuka kwa ndani, nyufa nyembamba kama unywele, na kila ufa unatoa mlio ambao hakuna binadamu anayeusikia. Masikio kama hayo watu huyazika hata kwenye milima ya moto na kwenye miteremko inayotaka kuporomoka. Sisi tunayo kumi na mawili, mengine juu, mengine shimoni. Mlio ukifika kwako kwanza, kisha kwa mwingine, kisha kwa mwingine, tunapiga hesabu na kujua umetoka wapi. Sharti usikike kwenye vituo vinne. Ukisikika kwenye vitatu tu, mashine inauacha, inauona ni kelele. Wewe ni Kituo cha Tisa, na hakuna kituo kilicho karibu na Njia ya Nne kama cha kwako.

Hiyo ndiyo kazi ya daftari. Ukitwanga, ukifunga mlango kwa hasira, Kituo cha Tisa kinasikia. Nikilinganisha saa nasema: huyu ni Babu, si jiwe, mtoe.

Lakini hii ya tarehe 2! "Saa tatu na robo asubuhi, nimecheza dansi na ufagio dakika kumi, nikaruka mara sita." Na nyonga hizo? Mtu anayepanda kizingiti cha mlango kwa kushikilia fremu? Endelea hivyohivyo, ndiyo raha yangu ya wiki.

Kuhusu nguzo, usiwe na wasiwasi. Mwambie Baba Mdogo kuna mtu wa nyumbani anasikiliza. Mwamba ukianza tu kunung'unika, atapandishwa juu kabla hajajua kwa nini.

Mkeo asiyejua kupika,
Mjukuu


Tarehe 20 Machi

Mke wangu,

Raha ya wiki uliitaka, sasa inakujia kila siku. Ngoja nikufunulie siri yake, usije ukadhani akili zimefuata masikio.

Daftari lenu lina safu mbili tu: SAA, na KELELE ILIYOFANYWA NA MKAAZI. Sasa niambie, ardhi ikitikisika yenyewe, nami nimekaa kama gunia, niandike wapi? Mkaazi hajafanya kitu. Nikiandika saa na kuacha upande wa pili wazi, yule karani wenu anayepita kuchukua kurasa ananirudishia, ananionyesha kwa kidole: jaza. Haya, nimejaza. Kelele yangu ya kweli naiandika kikavu: nimetwanga, nimeangusha sufuria. Ardhi ikinigonga kisigino, naandika upuuzi. "Nimeruka kamba." "Nimepigana mieleka na kabati, kabati limeshinda." "Nimemkimbiza Mama Cherehani kuzunguka meza, nimemkamata." Wewe unanijua. Ukiona upuuzi utaelewa papo hapo kwamba hapo si Babu, hapo ni jiwe. Karani anaona kurasa zimejaa, na sisi wawili tumezungumza juu ya kichwa chake.

Ujanja huu umenifurahisha kupita kiasi. Nimemsimulia hata Mama Cherehani, isipokuwa ile ya kuzunguka meza.

Sasa lisilochekesha. Upuuzi unaongezeka. Mwezi wa pili ulikuwa mmoja kwa wiki. Wiki hii nimepigana na kabati mara nane. Baba yako mdogo anasema huko chini dari linatema vipande, na wenzake watatu wanataka kuomba kuhamishwa. Naye ameniuliza, ameniandikia nyuma ya kalenda: "Baba, nishuke au nisishuke?" Sijamjibu. Wewe ndiye unayesikia. Neno utakaloandika ndilo nitakalompa, bila kuongeza wala kupunguza.

Mumeo na mpiganaji wa kabati,
Baruti


Tarehe 2 Aprili

Babu mpendwa,

Samahani nimechelewa. Kazi zimenizidi. Nimepandishwa cheo, sasa ripoti ya mitetemo ya kila wiki naisaini mimi.

Matukio yaliyohesabiwa Njia ya Nne: wiki iliyopita mawili, wiki hii moja. Ni machache sana. Mwambie Baba Mdogo ashuke.

Bwana Tai amelisifu daftari lako, anasema hakuna mkaazi mwingine anayejaza kwa bidii hivyo. Anaomba utie sahihi chini ya kila ukurasa, hata zile za nyuma. Karani atakuletea. Ni utaratibu tu.

Wako,
Mjukuu


Tarehe 19 Aprili

Kwa mke wangu, au sijui siku hizi wewe ni nani,

Barua yako imeanza "Babu mpendwa". Talaka huandikwa, mama, haidokezwi.

Hongera kwa cheo. Nimekitangaza mstari mzima, na aliyejifanya hakusikia nimemtangazia mara ya pili. Kurasa nimesaini zote, arobaini na tatu. Sahihi ya kwanza ilisomeka Baruti. Ya mwisho ilikuwa mstari wenye mkia.

Baba yako mdogo nimempa neno lako. Nilimwandikia: "Mwanao anasikiliza, anasema shuka." Akakunja kile kipande cha kalenda akakitia mfukoni, akavaa kofia yake ngumu akaenda. Wale watatu nao wameacha mambo ya kuhama. Mmoja alikuja mpaka hapa mlangoni, akasimama kwenye mwanga vizuri ili nimsome midomo, akasema: "Kama mjukuu wa Baruti anasema kuko shwari, mimi nani?" Nilivimba kichwa siku mbili.

Ila hesabu zako zinanitatiza. Wewe wiki nzima umepata tukio moja. Mimi, wiki hiyohiyo, kisigino sakafuni na kijiti kati ya meno, ncha yake ukutani, nimepata kumi na tisa. Ukuta wa Mama Cherehani umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Anaingiza rula yake ya kushonea ndani ya ufa, anaichomoa na kunionyesha ilipofika. Kabati langu sasa linapigana lenyewe, mimi nimekuwa refa.

Kati yangu na wewe, nani kiziwi?

Ni mimi,
Baruti


Tarehe 26 Aprili

Babu,

Vyombo vyetu vimepimwa na wataalamu. Miguu ya mzee wa miaka sabini na nne hutetemeka yenyewe, usiisingizie ardhi. Na kuta hupasuka hata kwa mvua.

Tafadhali usiwatie watu hofu. Na mambo ya kazi usiniandikie tena kwa njia hii, barua hupita mikono mingi. Nitakuja mwezi wa sita tuongee.

Msimamizi, Kitengo cha Mitetemo
(mjukuu wako)


Tarehe 24 Mei

Kwa Msimamizi, Kitengo cha Mitetemo,

Kwa kuwa umesaini hivyo, na mimi nakuandikia hivyo.

Leo ni siku ya kumi na tano tangu Njia ya Nne iporomoke. Hukuja. Kutoka huko kwenu hakuna njia ya mkato, sawa, lakini mabasi yapo mawili kwa siku, Mama Cherehani alikwenda kuyauliza. Nilidhani unaumwa. Nikamtuma karani akuulize, akarudi na jibu kwamba uko kwenye vikao.

Basi nikueleze, maana vikaoni huenda hawakusema. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa mezani. Ilianza kwenye taya, ikashuka kwenye mbavu, kisha meza ikaondoka mbele yangu. Jiko sasa lina ngazi. Nusu ya sakafu iko chini ya nusu nyingine kwa urefu wa mkono. Mpangaji wako amebaki upande wa juu, taa yake bado inakonyeza. Chini walikuwa tisa. Wawili tumewazika, mmoja ni yule aliyesimama mlangoni kwangu. Baba yako mdogo walimchimbua siku ya pili. Mguu wa kulia wamemkata chini ya goti. Nilipofika wodini alinitazama, akasogeza midomo polepole ili nisikose hata herufi: "Si ulisema anasikiliza?"

Nilimkanda mguu uliobaki.

Jana amekuja mama mmoja wa Tume ya Uchunguzi, mkaguzi, mwenye miwani inayomzidi uso. Amenifurahisha: hakunipigia kelele kama wengine, alikuja na ubao mdogo na chaki, akaniandikia maswali. Akatandika makaratasi mezani. Upande huu daftari langu. Upande ule orodha yenu. Kila palipo na upuuzi wangu, mieleka, kamba, dansi, mmeandika: "Kituo cha Tisa, kelele za mkaazi, kimetolewa." Mara mia mbili na saba. Na pembeni herufi mbili za jina lako, kwa mwandiko niliokufundisha mimi kwenye vumbi la uani kabla hujaenda shule. Bado unakunja mkia wa herufi ya pili.

Niliuliza: na asubuhi ile? Maana asubuhi ile, kuanzia saa moja mpaka saa tano, niliandika mara kumi na moja. Nilianza na kabati, nikaja kwa ufagio, mpaka vichekesho vikaniishia. Ya mwisho nimeandika tu "nimeruka, nimeruka, nimeruka", kalamu imetoboa karatasi. Mkaguzi akafuta ubao, akaandika polepole: tangu tarehe 27 Aprili hamkungoja tena hata kurasa. Kituo cha Tisa kiliondolewa kwenye hesabu moja kwa moja, "kwa sababu ya tabia ya mkaazi".

Tarehe 27 ni siku moja baada ya wewe kuniandikia habari za miguu yangu.

Nakuuliza, na safari hii sitanii. Upuuzi wangu ulikuwa unauelewa, au hukuuelewa?

Mkaazi,
Baruti


Tarehe 2 Juni

Babu yangu, mume wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa chooni kazini, mahali pekee penye mlango wa kufunga.

Nisikilize kwanza. Sikufuta tukio hata moja. Naapa. Nilikitoa kituo chako tu, vikabaki vitatu vilivyousikia mlio, na mashine ikayaacha matukio yenyewe. Kanuni inasema yakizidi kumi kwa wiki njia lazima ifungwe. Bwana Tai aliniita, akaniwekea daftari lako mbele, akaniuliza: "Hapa mkaazi ameandika ameruka. Wewe ni nani wa kusema hakuruka?" Nikakitoa mara moja. Wiki iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi. Njia ya Nne ikifungwa, mgodi wote unasimama, na mimi cheo changu kilikuwa na siku nne. Nilijiambia dari litashika, nguzo ni nyingi, mmeziacha nene. Kila asubuhi nilijiambia hivyo kabla ya kuvua koti.

Tume itakaa tarehe 20 katika ukumbi wa shule. Wewe utaitwa. Nakuomba kitu kimoja tu katika maisha yangu. Sema yaliyomo kwenye daftari ni kweli. Sema ulikuwa unaruka, ulikuwa unagonga, ni mazoezi, ni uzee, lolote. Ukisema ni mzaha, mimi nimekwisha. Na wewe pia hutabaki, Babu, kurasa zote zina sahihi yako.

Wewe ndiye uliyenilea. Usiniache sasa.

Mkeo,
Mjukuu


Tarehe 25 Juni

Mjukuu wangu,

Ulikuwepo, lakini nitakusimulia, maana tulikaa ukumbi mmoja na sidhani tuliona kitu kimoja.

Nilikwenda nimeamua kukubeba. Nilivaa suruali ile uliyoninunulia, inayobana. Baba yako mdogo alikaa mstari wa mbele, magongo yake mapya yameegemea kiti, bado yana karatasi ya dukani. Mkaguzi akaniandikia ubaoni: "Yaliyo kwenye daftari ni kweli?" Nikamtazama Baba yako mdogo. Nikakutazama wewe, ulikuwa unahesabu vigae vya sakafu. Nikasema kwa sauti yangu hii, ambayo siijui ikoje siku hizi: "Yote kweli. Nilikuwa naruka."

Baba yako mdogo alichukua magongo. Hajayazoea, alichelewa kufika mlangoni, na muda wote ule hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyetaka kuonekana anamsaidia kunikimbia mimi. Nilimtazama mpaka mlango ukajifunga.

Mkaguzi hakunigombeza. Alitoa sikio kama la mpangaji wangu, akaliweka sakafuni, akaunganisha na skrini, pakatokea mstari mmoja umelala. Akaandika: "Mzee, tuonyeshe. Ruka kama ulivyoruka tarehe 9 Mei."

Niliruka. Wallahi nilitaka niruke. Nilishika ukingo wa meza, nikakunja magoti, nikajisukuma kwa kila nilichobakiwa nacho. Kisigino cha kulia kiliinuka kidogo. Cha kushoto hakikujua kama kuna jambo. Mstari ukabaki umelala. Nikajaribu tena, na tena, suruali ikachanika nyuma. Nimeona watu mia moja na zaidi wakijizuia kucheka, wengine wakishindwa kujizuia, wengine wakilia, na mimi maisha yangu yote ndiye niliyekuwa nawachekesha kwa hiari yangu. Mara ya nne mkaguzi akanishika mkono akanikalisha.

Wakili wa kampuni akasimama. Yeye ana mdomo mzuri, unasomeka kama kitabu: "Leo hawezi. Aprili alikuwa anaweza." Kisha wote wakageuka kukutazama wewe. Mkaguzi akakuuliza swali, mgongo wake ulikuwa kwangu. Nawe ukajibu.

Ulijibu umeinua karatasi mbele ya mdomo.

Mimi peke yangu ukumbini sikulisikia jibu lako. Niliona nyuso zao tu. Mama Cherehani alijifunika na mtandio. Nimemuuliza ulisema nini, ameshika kazi yake ya kushona. Nimemuuliza karani, amenipiga begani akaenda zake. Baba yako mdogo ndiye hata simuulizi; tangu siku ile anakula amenipa mgongo.

Niandikie ulichosema. Maneno yenyewe, usiyapambe.

Babu


Tarehe 4 Julai

Babu,

Nimeianza barua hii mara tano.

Mkaguzi aliniuliza: "Je, ulijua kwamba babu yako hawezi kuruka?"

Nikajibu hivi: "Sikujua. Babu yangu ni mtu wa uongo tangu zamani, kila mtu kwetu anamjua hivyo. Alinidanganya kama alivyowadanganya wengine."

Hayo ndiyo maneno yenyewe.

Nilijua, Babu. Nilijua tangu barua ya Februari. Barua yako ya Machi, uliyonieleza maana ya upuuzi, ninayo, iko kwenye droo yangu. Kila nilipoona umepigana na kabati nilijua ni jiwe. Asubuhi ya tarehe 9 niliiona mistari ya Kituo cha Tisa kwenye skrini kwa macho yangu, inaruka, nikasema ni Babu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, ili nijisikie nimesema.

Ulipokuwa unaruka pale ukumbini nilikuwa naomba ufike juu.

Tume imetoa maoni yake. Wamesema vyombo ni vizima, utaratibu ni mzuri, hitilafu ni daftari lililoghushiwa na mkaazi. Kwa umri wako hawatakushtaki. Watakuondolea jiofoni na kuiweka kwa jirani. Njia ya Nne inafunguliwa Jumatatu ya tarehe 15, zamu ya asubuhi, watu kumi na wanne. Ripoti ya usalama nimepewa niisaini mimi.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nadhani ni kwa kuwa wewe ndiye pekee ninayeweza kukuambia.

Mjukuu


Tarehe 9 Julai

Mjukuu,

Barua yako nimeisoma, kisha nimempa Baba yako mdogo akaisoma. Ameimaliza, akageuza kiti chake, kwa mara ya kwanza nimeona uso wake nikila. Tumekula.

Unasema hujui kwa nini umeniandikia. Mimi najua. Ni rahisi kuungama kwa kiziwi.

Baba yako mdogo alitaka niichukue barua hii mkononi niipeleke Tume mwenyewe. Nilikwishavaa viatu. Nikakumbuka nikavivua. Nikiwapelekea mimi watasema nini? Mzee muongo ameghushi daftari, sasa ameghushi na barua. Umenimaliza vizuri, mama. Leo hii nikisimama hapa barabarani nikapiga kelele kwamba nyumba inaungua, watu watanunua karanga wakae kutazama. Na sehemu ya hilo nimejifanyia mwenyewe. Nilisimama ukumbini nikasema "yote kweli" mbele ya mguu wa mwanangu. Hilo ni langu, nitalijibia kwake mimi, kila siku, kadiri atakavyotaka.

Lakini wale kumi na wanne hawana mtu mwingine. Sikio la jikoni kwangu wameling'oa jana, wamebakiza shimo. Mama Cherehani amekataa lisiwekwe kwake, akalifukuzia mbali kwa mkasi wa kukatia nguo, kwa hiyo hata hilo sikio jipya halipo. Aliyebaki anayesikia ni wewe.

Kwa hiyo nakurudishia barua yako. Siichani, siifichi, wala sikuiongezea hata nukta. Nimeitia ndani ya bahasha nyingine, na juu ya bahasha nimeandika anwani ya mkaguzi wa Tume, kwa mkono huu wa darasa la nne, herufi moja moja ili posta wasipate kisingizio. Bahasha sijaifunga, kama kuna neno unataka kuongeza kabla ya sahihi yako, nafasi ipo. Ukiitia posta Ijumaa asubuhi, itafika kabla ya Jumatatu. Nimeuliza.

Usiniandikie kwanza. Ukiniandikia nitakusamehe, na sitaki kukusamehe kabla ya Jumatatu.

Stempu nimekwisha bandika.

Baruti